Maji Niliyosema Yako Tayari

Gari lenyewe ni la zamani, limeinuliwa paa, na ndani lina kitanda, jiko dogo la gesi, sinki, na bafu ambalo mtu mnene hawezi kugeuka. Tulilipata kwa mzungu mmoja mwenye hoteli huko Ushongo, pwani ya Pangani. Mume wangu alikuwa dereva wake, na mimi nilikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba. Alipofunga hoteli na kurudi kwao, alituachia gari hilo, tukalileta Tanga mjini, tukalipaka rangi, tukaanza kuwakodishia watu wanaopenda kwenda pwani na kulala garini badala ya hotelini. Mtaani kwetu wanaliita nyumba ya magurudumu.

Mume wangu alichukua injini, breki na matairi. Maji aliniachia mimi. Hatukukaa kikao; pampu imefungwa chini ya benchi, nyuma ya kijidirisha ambacho mkono wake haupiti na wangu unapita, basi ikawa kazi yangu. Chini ya benchi hilo kuna tangi la lita mia. Pampu ni ndogo, inatumia umeme wa betri. Ukifungua bomba inaamka na kunguruma, ukifunga inanyamaza. Nilijifunza kuisikiliza. Ikinguruma wakati hakuna aliyefungua bomba, ujue kuna mahali panavuja. Ikinguruma na maji hayaji, inavuta hewa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu usichana wangu. Nikitoka nyumbani hurudi mlangoni kuangalia kama nimezima gesi, kisha hurudi tena kuangalia kama nimefunga mlango. Nilipopewa yale mabomba, wasiwasi wangu ulipata ajira. Gari likiwa safarini nilikuwa naisikia pampu kichwani, nikiwa sokoni, nikiwa kwenye sala. Simu ya mgeni ikiita, kabla sijapokea, mkono tayari una jasho.

Mwaka huo masika yalikuwa marefu na gari lilikaa uani miezi miwili bila safari. Mvua zilipokatika, kijana mmoja alipiga simu kutoka Moshi. Alitaka gari kwa siku nne. Angekuja na mkewe, mama yake mzazi, na mtoto wao wa miezi saba.

"Dada, samahani kwa kukuuliza," alisema. "Maji ya kwenye tangi yanafaa kumkorogea mtoto maziwa?"

"Yanafaa," nikamwambia. "Nitayaandaa mwenyewe."

Siku moja kabla hawajafika, mchana, nililala kifudifudi sakafuni mwa gari na kufungua chujio la pampu. Ndani kulikuwa na ute wa kijani, unateleza kama bamia. Nilishtuka. Nililisugua chujio kwa mswaki wa zamani, nikakata ncha ya mpira wa maji iliyokuwa imechoka, nikauvalisha upya na kuukaza kwa klempu mpya, kibano cha chuma, maana pale ndipo palipokuwa pakitoa matone. Nikawasha pampu. Ilinguruma, ikanyamaza, ikabaki kimya. Nilikaa nimeiegeshea sikio karibu robo saa, haikujiamsha. Pampu ilikuwa imepona.

Lakini ule ute ulinikaa rohoni. Kwa kawaida nilikuwa naua uchafu wa tangi kwa klorini ya maji, nikipima kwa kijiko kama karatasi ya chupa inavyosema. Siku ile nilimfikiria mtoto wa miezi saba, nikaona kijiko hakitoshi. Nikainamisha chupa. Nilikadiria kwa macho tu, na macho yenyewe yalikuwa yanaona ute wa kijani. Nikajaza tangi, nikafungua kila bomba mpaka harufu ya dawa ikasikika, nikafunga. Dawa ilitakiwa ilale humo mpaka alfajiri. Kisha ningemwaga yote, nisuuze mara mbili, nijaze maji safi. Wageni wangefika saa mbili asubuhi. Muda ulikuwa tele.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa nimetoka kuswali, simu iliita. Alikuwa jirani wa mama yangu huko Muheza.

"Mama ameteleza uani," alisema. "Amka uje. Mkono umekaa vibaya."

Mama anaishi peke yake, amekataa kuhamia kwetu, anasema Tanga kuna joto na watu wengi. Nilivaa haraka haraka. Mume wangu naye alikuwa anajiandaa. Baada ya kuwakabidhi wageni gari alikuwa na safari ya Handeni kwenye mazishi ya shangazi yake. Nikiwa mlangoni najifunga khanga, aliniuliza kutoka chumbani, "Kule kwenye maji tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi sana. Sikusema uongo. Aliposema maji niliona pampu, ile klempu mpya, ule ukimya wa robo saa. Nilikuwa namjibu kuhusu pampu. Lakini yeye aliuliza maji, na mimi nikasema tayari, nikatoka.

Mama nilimkuta hospitalini, ameketi kwenye benchi, mkono ameupakata kama mtoto. Walimpiga picha, wakasema mfupa wa kiganjani umevunjika, utafungwa plasta. Tulisubiri. Ilikuwa kama saa nne na nusu alipokuja mama wa usafi na ndoo yake, akaanza kupiga deki ukumbini. Alipopita mbele yetu, harufu ikanipanda puani.

Klorini.

Nilisimama, nikaketi tena. Mama akanitazama.

"Una nini?"

"Sijamwaga maji," nikasema. "Mama, nimewapa watu dawa."

Nilitoka nje kupiga simu. Namba ya yule kijana haikupatikana. Nikapiga tena. Nikapiga mara sita au saba, sauti ile ile ya mwanamke ikiniambia kwa upole nijaribu baadaye. Nikampigia mume wangu. Alikuwa kwenye basi, nyuma yake nasikia redio.

"Gari umewapa?"

"Waliondoka saa mbili na nusu. Wamelipenda. Mama mkono vipi?"

Nikamweleza.

"Si ulisema tayari," alisema.

"Wamekwambia watalala wapi?"

"Ushongo. Sehemu gani hawakusema."

Watu niliowajua Ushongo walikuwa wametawanyika tangu hoteli ilipofungwa. Niliyekuwa na namba yake alikuwa Dar. Nilirudi ndani. Mama alikuwa hajafungwa bado. Nilisimama mbele yake nikiwa sijui nimwambie nini, kwa sababu binti gani humwacha mama yake kwenye benchi la hospitali akafuata gari?

"Kuna mtoto?" akauliza.

"Miezi saba."

"Basi unasimama hapa unafanya nini? Mimi nimevunjika mkono, sijavunjika shingo. Jirani yupo. Nenda."

Kutoka Muheza kuna njia ya vumbi inayokata moja kwa moja hadi Pangani bila kurudi Tanga. Nilimchukua mwenye bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, nikamwambia nina mgonjwa. Sikuweza kumweleza kwa njia nyingine. Tulipita kwenye michungwa, kisha kwenye mikonge, na barabara ilikuwa na madimbwi yaliyoachwa na masika. Kila palipokuwa na mwinuko nilimwomba asimame, nainua simu, napiga. Haipatikani. Nilikuwa nahesabu: saa mbili na nusu wameondoka, saa nne wako Pangani, pantoni, saa tano wako Ushongo. Mtoto wa miezi saba hukaa muda gani bila kunyonya chupa? Saa tatu? Nne? Wangu walikuwa wakubwa, nilikuwa nimesahau.

Niliwaza pia mambo ambayo naona haya kuyasimulia. Niliwaza kwamba labda hawatajua. Mtoto akiumwa tumbo watasema ni joto, ni safari. Wazo hilo lilikuja lenyewe, likakaa kidogo, na mimi sikulifukuza upesi kama nilivyopaswa.

Pangani pantoni lilikuwa ng'ambo ya pili. Niliteremka, nikatembea mpaka ukingoni, nikarudi. Nilimuuliza mmoja wa wafanyakazi kama ameliona gari refu jeupe lenye paa lililoinuliwa.

"Limevuka," akasema. "Zamani kidogo. Kulikuwa na bibi amekataa kubaki ndani ya gari, amesimama ameshika chuma cha ukingoni mpaka mwisho."

"Mtoto ulimwona?"

"Alikuwa analia."

Watoto hulia. Nilijiambia hivyo mara kadhaa tukivuka, na nilipopanda tena pikipiki upande wa pili, Bweni, nilikuwa bado najiambia.

Ushongo tuliwatafuta kwa kuuliza. Mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa alituelekeza, gari limeingia kwenye minazi, karibu na palipokuwa na hoteli ya yule mzungu. Yaani palipokuwa pangu. Tuliingia kwa njia ya mchanga niliyoijua kwa miguu, na nikaliona gari, mlango wazi, mkeka umetandikwa pembeni. Kwenye mkeka alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba, kitambaa kichwani, sweta begani ingawa jua lilikuwa la saa saba. Alikuwa peke yake. Mbele yake kulikuwa na birika na vikombe vilivyopinduliwa.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu mdomoni, lakini adabu ilitangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndimi. Mama, maji. Mmetumia maji ya tangi?"

Alinitazama kutoka vumbi la miguuni hadi usoni.

"Tuliyatumia," akasema. "Nilitia birika jikoni, nikasikia harufu. Nikamwambia kijana, maji haya si maji. Akasema, mama, maji ya mjini yote yana dawa. Akajaza glasi akanywa mbele yangu ili anionyeshe. Hakumaliza. Ametapika pale kwenye mnazi."

"Na mtoto?"

"Mama yake alikuwa ameshakoroga chupa."

Nilikaa chini. Sikuketi mkekani, niliketi mchangani.

"Alinyonya kidogo akatema," bibi akaendelea. "Akalia sana. Wamempeleka kwenye zahanati kwa pikipiki, wote wawili. Mimi nimebaki kulinda vitu vyako."

Alisema vitu vyako bila kukaza sauti, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifokea. Nikamweleza yote, tangu ute wa kijani, chupa niliyoinamisha, simu ya alfajiri, na lile neno nililomjibu mume wangu. Alisikiliza akitazama mbele. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Mama yako sasa yuko na nani?"

"Jirani."

Akatikisa kichwa, sikujua kama ananihurumia au ananihukumu.

Nilitaka kuwafuata zahanati, lakini aliniambia nikae, tutapishana njiani. Kusubiri kule sitakusahau. Siwezi kusema ulikuwa muda gani. Mwenye bodaboda alikuwa ameinamia pikipiki yake, akijifanya anaitazama cheni. Kila ngurumo ya injini upande wa kijijini ilinisimamisha. Zilipita mbili zisizo zao. Ya tatu ilikuja polepole mchangani, na nyuma ya dereva nilimwona kijana, na nyuma yake mkewe, binti aliyembana mtoto kifuani kwa khanga. Sikuweza kuuona uso wa mtoto. Niliuona mguu mmoja unaning'inia. Mguu ule ukapiga teke.

Binti aliteremka. Mtoto alikuwa macho, midomo imekuwa myekundu kidogo pembeni, anatafuna ncha ya khanga.

"Muuguzi amemwangalia kinywa," binti alimwambia mama mkwe wake. "Hajaungua. Amesema nimnyonyeshe tu, chupa niiache leo, na akitapika au akikataa ziwa tumrudishe mara moja."

"Amenyonya?"

"Amenyonya njia nzima."

Ndipo waliponigeukia. Nikaanza kueleza tena, nikafika kwenye chupa ya klorini, kijana akanyanyua mkono. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutapika.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ukaniambia utayaandaa mwenyewe."

"Ni kweli."

"Ningekuwa nimekoroga mimi, ningejiona nimemuua mwanangu kwa mkono wangu. Unaelewa?"

"Naelewa."

Hakusema zaidi. Alikwenda kukaa kwenye shina la mnazi, ametugeuzia mgongo.

Nilijua kitu kimoja tu cha kufanya, nikakifanya. Niliingia chini ya gari, nikafungua koki ya kumwagia, maji yakatoka na harufu yake yakiingia mchangani. Mwenye bodaboda, bila kuombwa, aliazima madumu kwa yule mwanamke wa dagaa na kuniletea maji ya kisima. Nilijaza nusu tangi, nikawasha pampu, nikafungua sinki, nikafungua bafu, nikaacha yatiririke, nikamwaga. Nikajaza tena. Mara ya pili pampu ilinguruma na maji hayakuja. Ilikuwa inavuta hewa, kwa sababu nilipofungua chujio ili nalo lisuuzike, kifuniko chake nilikuwa nimekivalisha upande. Ilibidi nilale tena kifudifudi, nipenyeze mkono, nikitafute kwa vidole nisichokiona. Bibi alikuja kusimama mlangoni akinitazama. Nilidhani atasema kitu. Alisubiri mpaka pampu iliposhika maji.

Nilisuuza mara nne. Mara ya nne sikusikia harufu, lakini pua yangu sikuiamini tena, ilikuwa na klorini tangu hospitalini. Bibi akachukua glasi ile ile aliyonywea mwanawe, akaikinga bombani, akaijaza, akanipa.

"Kunywa wewe," akasema.

Nikanywa mbele yao wote. Maji ya kisima cha pwani yana chumvichumvi, na nilikunywa hadi chini. Bibi alinitazama koo. Kisha akaichukua glasi, akaenda kuiosha.

Niliwaambia kama wanataka kurudi, nitarudi nao siku ile ile na kila walichotoa nitawarudishia. Kijana alitaka waondoke. Mama yake akasema amesafiri kutoka mlimani kuja kuiona bahari, ameiona nusu siku tu, na mtoto anacheka. Walibaki. Ila maji ya mtoto walinunua ya chupa dukani, na sikuwalaumu.

Nilirudi Muheza jioni, jua halijazama. Mama alikuwa nyumbani kwake, plasta imemfika kiwikoni, jirani anamlisha wali kwa kijiko na yeye anamfundisha jinsi ya kushika kijiko. Alitaka kujua kuhusu mtoto kwanza. Nilipomwambia, alisema alhamdulillahi, akafungua mdomo apewe tonge jingine. Mimi niliingia chumbani kwake, nikafunga mlango, nikalia kwa ile saa moja ambayo nilikuwa nimeizuia tangu asubuhi.

Mume wangu aliporudi kutoka Handeni hatukugombana. Afadhali tungegombana. Alisema, "Mimi nami ningepaswa kuyaonja," na mimi nikasema, "Hukuwa na sababu, nilikwambia tayari," na tukawa tunapeana heshima kama wageni kwa muda wa wiki nzima. Gari lilirudi salama, limefagiwa ndani, blanketi zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Kijana alimkabidhi mume wangu ufunguo. Kwangu hakupiga simu.

Tangu hapo huandika. Nina daftari lililoning'inizwa kwa uzi kando ya pampu: nimetia nini, kiasi gani, saa ngapi, nimemwaga au sijamwaga. Dawa ikiwa ndani ya tangi, ufunguo wa gari hulala mfukoni mwangu na hautoki. Haya ni mambo ya akili na ninayafanya kwa uaminifu, lakini sitadanganya kwamba yameniponya. Bado kuna siku gari liko salama kabisa pwani ya Moa, wageni wananitumia picha za samaki wa kukaanga, na mimi nimesimama jikoni nikinusa glasi yangu mwenyewe.

Karibu mwezi mmoja baadaye simu iliita kwa namba nisiyoijua. Niliiacha ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Nilipopokea, ilikuwa sauti ya yule binti, mama wa mtoto. Nilimuuliza hali ya mtoto kabla hajamaliza kunisalimu. Mzima, akasema, anatambaa, amevunja kikombe cha bibi yake.

"Dada, nina shida," akaendelea. "Hapa nyumbani tuna tangi la juu, maji yameanza kutoa harufu na ute. Fundi ameniambia nitie klorini, lakini ananiambia nikadirie tu. Nikasema hapana, namjua mtu wa kumuuliza."

Mkono ulikuwa umeshalowa jasho.

"Tangi la lita ngapi?" nikamuuliza.

"Elfu moja."

"Una chupa yenyewe hapo?"

"Ninayo mkononi."

"Nisomee karatasi yake, polepole, usiruke neno. Na tafuta kalamu. Leo hakuna atakayetumia maji hayo, hata kuosha vyombo, mpaka nikwambie."

Akaanza kusoma, na mimi nikaandika kila alichosoma.